Manjano, sukuma wiki na sonona: kemikali za mimea hufanya nini hasa mwilini

Kila baada ya miezi michache ujumbe uleule huzuka tena kwenye vikundi vya WhatsApp jijini Nairobi: kijiko cha manjano, asali, pilipili manga na maji ya vuguvugu, unywe asubuhi kabla ya kutia kitu kingine tumboni, na mawazo yote yataisha. Mwezi mwingine zamu ni ya ndizi, eti ina homoni ya furaha. Mwingine ni unga wa mlonge. Wapo pia wanaoyacheka haya yote na kusema sahani ya mboga haiwezi kumfaa mtu mwenye ugonjwa wa akili. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini wa ndizi wameshika kilicho kidogo kuliko vyote.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo tunapopotezana. Nairobi mtu akisema ana "depresheni" huenda anamaanisha kodi ya nyumba imemkaba, au huenda anamaanisha hajaoga kwa siku nne kwa sababu haoni maana ya kuoga. Hali ya kwanza ni msongo wa mawazo: una chanzo unachoweza kukitaja, na chanzo kikiondoka, nao hulegea. Ya pili huenda ikawa sonona, na sonona ni ugonjwa. Daktari huangalia kama huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kumekuwepo sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili nyingine: usingizi kuvurugika, kula kupungua au kuzidi, uchovu, kujilaumu, kushindwa kukaza fikira, kuwaza kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 wanaishi nayo. Hapa Kenya, jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Neno la pili ni kemikali za mimea. Hapa hatuzungumzii vitamini, madini wala protini. Ni vitu ambavyo mmea hujitengenezea kwa faida yake wenyewe: kufukuza wadudu, kujikinga na jua kali, kuzuia ukungu. Unavifahamu kwa ulimi hata kama hujawahi kusikia majina yake. Uchungu wa managu ni kemikali ya mmea. Ukali wa kitunguu unaokutoa machozi pia. Ule ukakasi unaokausha mdomo unapokunywa chai ya rangi iliyochemka mno ni tanini. Kundi moja kubwa linaitwa polifenoli, nalo limo kwenye chai, kahawa, vitunguu, maharagwe mekundu, mtama, zambarau na mboga nyingi za majani. Mtu akikosa vitamini C kwa miezi ataugua kiseyeye. Polifenoli hazina ugonjwa wake wa kuzikosa, na ndiyo maana kuzichunguza ni kazi ngumu, na kuzitungia uongo ni rahisi.

Lango la ubongo

Ndizi mbivu kweli ina serotonini, ile kemikali inayohusishwa na hali ya moyo. Shida ni kwamba ubongo unaishi ndani ya mtaa wenye lango. Mishipa midogo ya damu inayoulisha ina kuta zilizobana, na kila kinachotaka kuingia hukaguliwa. Waza mtaa wa Nairobi wenye askari, kitabu cha wageni na swali la "unaenda nyumba gani?" Serotonini ya ndizi ikifika hapo haina wa kuipokea, hivyo hurudishwa. Hata serotonini inayotengenezwa na mwili wenyewe, karibu asilimia 90 yake hutengenezwa tumboni na hubaki hukohuko ikisaidia utumbo kusukuma chakula.

Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, kijenzi cha protini kilichomo kwenye mayai, maharagwe, njugu, maziwa na nyama. Triptofani huruhusiwa kupita langoni, lakini hupanga foleni moja na vijenzi vingine vya protini vilivyo vingi kuliko yenyewe. Ndiyo sababu kula nyama nyingi hakumwagi serotonini kichwani: umeongeza triptofani moja na wapinzani wake kadhaa kwenye mlango uleule.

Basi polifenoli hupenyaje? Nyingi hazipenyi kabisa. Ni sehemu ndogo tu, kama asilimia 5 hadi 10, inayofyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Zilizobaki huteremka hadi utumbo mpana, na huko ndiko kazi inakofanyika.

Ukipita Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi, unakuta mapipa makubwa ya chuma yakishushwa upande mmoja, na upande wa pili yanatoka majiko, masanduku ya shule na karai. Mapipa yenyewe hayana kazi nyumbani kwako. Mafundi ndio wanaoyapasua, kuyanyoosha na kuyagonga hadi yakawa kitu cha kubebeka. Polifenoli ni pipa. Bakteria wa utumbo mpana ndio mafundi, na vipande wanavyovikata ni vidogo vya kutosha kuingia kwenye damu, baadhi hata kupita lile lango.

Mfano huu unafafanua jambo ambalo ujumbe wa WhatsApp hauligusi kamwe: mafundi hawafanani. Aliyetoka kumaliza dozi nzito ya viuavijasumu, anayeishi kwa chipsi na soda, na anayekula githeri na mboga kila siku wana bakteria tofauti tumboni. Wakinywa kikombe kilekile, watapata vitu tofauti. Tena mafundi hawa hula nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya maharagwe, mboga, matunda na nafaka isiyokobolewa ambayo sisi hatuwezi kuisaga tumboni. Wakizila hutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Kumeza kidonge cha polifenoli huku sahani haina nyuzinyuzi ni kuleta mapipa kwenye karakana ambayo mafundi wake wana njaa.

Kutoka hapo kuna njia kadhaa za kufikia hali ya moyo, na ninayoiona kuwa na msingi imara kuliko zote ni ya uvimbe wa ndani. Ukijikwaa, kidole hufura na kupata joto kwa kuwa kinga ya mwili imeitwa kazini. Kuna namna ya utulivu ya jambo hilohilo: hakuna kidonda, hakuna homa, lakini kinga imebaki macho mwezi baada ya mwezi na kemikali zake zinazunguka kwenye damu. Kemikali hizo huathiri ubongo. Ndizo zinazokufanya ukiwa na mafua utake kulala, uchukie kelele na usitamani chakula. Karibu robo ya wagonjwa wa sonona wanaopimwa damu huonekana na kipimo cha juu cha uvimbe wa aina hiyo. Polifenoli na asidi fupi za mafuta huonekana kusaidia kuushusha. Robo, lakini, si wote. Pengine hiyo ndiyo sababu ya mmoja kubadili chakula akaona nafuu, na jirani yake akafanya vivyo hivyo asione kitu.

Njia nyingine zinazotajwa, kama mshipa wa fahamu unaounganisha utumbo na ubongo, au protini inayozisaidia seli za ubongo kuota matawi mapya, zina ushahidi mwingi kutoka kwa panya na mdogo kutoka kwa watu.

Ushahidi wenyewe ukoje

Tafiti nyingi husema wanaokula mboga na matunda mengi hupata sonona mara chache zaidi. Lakini Mtaa wa Tom Mboya ukijaa miavuli, si miavuli iliyoleta mvua. Anayekula vizuri mara nyingi ana kipato, analala vya kutosha, ana mtu wa kula naye. Na sonona yenyewe huua hamu ya kupika. Anayekula mkate mkavu kwa wiki tatu huenda hakuugua kwa sababu ya mkate. Anakula mkate kwa sababu anaumwa.

Ili kujua kipi kinasababisha kipi, lazima watu wagawanywe kwa kura. Jaribio linalotajwa zaidi ni la Australia, likiongozwa na Felice Jacka, na matokeo yalitoka mwaka 2017. Watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu, waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi moja lilikutana na mtaalamu wa lishe mara saba, jingine lilipata mtu wa kuzungumza naye. Mwishoni, asilimia 32 ya kundi la chakula hawakuwa tena na sonona kwa kipimo kilichotumika, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la mazungumzo. Ni tofauti kubwa. Lakini watu ni wachache, na kila mmoja alijua yuko kundi gani, maana huwezi kumficha mtu kwamba anakula dengu. Mwaka 2019 jaribio kubwa zaidi, la watu 1,025 wenye uzito uliozidi katika nchi nne za Ulaya, lilichapishwa. Hilo lilitafuta kuzuia sonona kwa vidonge vya virutubisho na kwa kuwafundisha watu kubadili ulaji. Vidonge havikuzuia chochote. Mafunzo nayo hayakuonyesha tofauti ya wazi.

Ukiyaweka mawili haya pamoja, kilichowafaa watu wa Australia hakikuwa kiambato kimoja. Walishauriwa kula vipimo sita vya mboga kwa siku, vitatu vya matunda, jamii ya kunde mara tatu au nne kwa wiki, njugu kila siku, nafaka nzima, samaki na mafuta ya zeituni, na kupunguza sana vyakula vya sukari na vya kukaanga. Ondoa mafuta ya zeituni, ambayo bei yake hapa ni ya anasa, na sehemu kubwa ya orodha hiyo inapatikana sokoni Marikiti.

Hesabu ya kijiko cha manjano

Rangi ya manjano hutokana na kurkumini. Katika unga wa kawaida, kurkumini ni kama asilimia 3 ya uzito. Kijiko cha chai kina unga wa gramu 3 hivi, kwa hiyo unapata takriban miligramu 90. Majaribio yaliyoonyesha nafuu kwa wagonjwa wa sonona, ambayo mengi ni madogo, yalitumia miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, zikiwa zimekamuliwa na kuwekwa kwenye vidonge. Kuifikia dozi hiyo jikoni unahitaji vijiko kati ya sita na kumi na kimoja kila siku. Hakuna mchuzi unaohimili hilo.

Sehemu sahihi ya ule ujumbe ni pilipili manga. Kurkumini hufyonzwa kidogo sana na ini huiondoa haraka. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kemikali kali ya pilipili manga, na kiwango cha kurkumini kwenye damu kikapanda kwa asilimia 2,000. Miligramu 20 za piperini ni chini ya nusu gramu ya pilipili manga, yaani chembe za vidole viwili. Lakini piperini hufanya hivyo kwa kulichelewesha ini, na ini likichelewa kwa kurkumini linaweza kuchelewa pia kwa dawa. Fenitoini ya kifafa ni mojawapo ya dawa ambazo piperini imeonyeshwa kuziongeza kwenye damu. Kwenye mchuzi haina neno. Kwenye vidonge vya manjano vyenye piperini, vinavyomezwa kila siku, kuna neno: Italia, Marekani na Australia zote zimeripoti watu walioumia ini. Na ukinunua manjano ya kusaga, fahamu kwamba Bangladesh iligundulika mizizi mikavu ikipakwa rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Mizizi mibichi, ukaisaga mwenyewe, ni salama zaidi.

Zafarani ina majaribio yake pia, mengi ya Iran, kwa miligramu 30 kwa siku. Ni kama nyuzi 15. Inayouzwa kwa bei ya kutupa aghalabu ni rangi tu.

Sufuriani

Sukuma wiki ni wa ukoo wa kabichi. Majani yake yana kemikali iliyolala na kimeng'enya, yaani protini ya kuiamsha, kilichowekwa chumba cha pili. Kisu kinapopita, kuta huvunjika, vinakutana, na kemikali kali zinazodhaniwa kutuliza uvimbe zinazaliwa. Moto hukiua kimeng'enya. Ukikata na kutia sufuriani papo hapo, umekatiza kazi. Ukikata ukaacha dakika 40, kazi inakamilika kabla ya kupika. Kwa hiyo mama mboga anayekukatia sukuma jioni, ukafika nayo nyumbani baada ya foleni ya matatu, amekufanyia hisani bila kujua. Tatizo ni kuosha. Sukuma iliyokatwa nyembamba ikiloweshwa na kukamuliwa hupoteza foleti, mojawapo ya vitamini B, na vitamini C kwenye maji, na foleti ni muhimu kwa ubongo. Mwombe aoshe majani mazima kwanza, au nunua mazima ukate mwenyewe. Kisha kaanga dakika 3 hadi 5 kwa kijiko cha mafuta. Rangi ya kijani ikigeuka kahawia, umepitiliza.

Managu ni habari nyingine. Kuchemsha mboga za majani na kumwaga maji kunaweza kuondoa karibu nusu ya foleti. Kwa terere, kunde na spinachi, usimwage: pika kwa maji machache yakaukie humo. Lakini uchungu wa managu na saga una kemikali ambazo zikizidi hukera tumbo, na vitunda vya managu vikiwa bado vibichi vina sumu. Ving'oe, chemsha, mwaga, na ukubali hasara hiyo. Mabibi waliochemsha managu na kuyalaza na maziwa walijua walichokuwa wakifanya.

Kitunguu chekundu huweka kwasetini yake, mojawapo ya polifenoli, zaidi kwenye tabaka za nje, kwa hiyo menya ganda kavu tu, usitupe tabaka mbili kwa haraka. Nyanya ni bora zikipikwa kwa mafuta kuliko kachumbari kwa upande wa likopeni, ile rangi yake nyekundu, ila kachumbari yenye ndimu ina kazi yake, nayo tunaifikia sasa hivi.

Chai ni mahali ambapo kemikali hizihizi hugeuka kuwa shida. Tanini hushikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga, na sehemu kubwa ya chuma hicho hupita tumboni bila kufyonzwa. Chapati, maharagwe na kikombe cha chai mezani pamoja, kila siku, kwa mwanamke anayepata hedhi nzito, ni njia iliyonyooka ya kupungukiwa damu. Na upungufu wa damu hujifanya sonona: uchovu, kukosa hamu, akili nzito. Subiri saa moja baada ya kula ndipo unywe, na kamulia ndimu kwenye maharagwe, kwa sababu vitamini C huvuta chuma kiingie. Kabla mtu hajaanza dawa ya sonona, kupima damu ni jambo la maana. Ile chai ya zambarau ya Kenya, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ina rangi za anthosayanini ambazo chai ya kawaida haina, lakini kwa habari ya chuma ihesabu kuwa chai tu.

Mmea si maji

"Ni ya asili, haina madhara" ndiyo hadithi inayoumiza zaidi. Miraa na muguka ni mimea. Kathinoni iliyo kwenye majani mabichi husukuma juu dopamini, kemikali ya ubongo ya msisimko, na ndiyo hiyo stimu. Huharibika ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa, ndiyo maana magari ya miraa hukimbia vile. Ikishuka, huacha mtu bila usingizi na moyo chini, na aliye na sonona huteremka zaidi.

Mmea wenye ushahidi mwingi kuliko yote kwa sonona ya kadiri ndio pia hatari kuliko yote ukichanganywa: Hypericum perforatum, ambao makopo yake huandikwa St. John's Wort. Usiuchanganye na vile vitunda vyekundu vya haiperikamu kwenye mashada ya maua. Ni ndugu, si dawa. Mmea huu hulichapua ini livunje dawa nyingine haraka kuliko ilivyokusudiwa. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hushuka kwenye damu hadi virusi vikapata nafasi. Vidonge vya kupanga uzazi na kijiti cha mkononi hupoteza nguvu, na mtu akajikuta mjamzito. Ukichanganywa na dawa za sonona kama fluoksetini, serotonini huweza kupanda kupita kiasi: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, homa, kuchanganyikiwa. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Athari yake kwa ini hubaki kama wiki mbili baada ya kuacha.

Aliye kwenye dawa asiziache kwa kuwa ameanza kula vizuri. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana, na kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, usingizi mbaya na mara nyingi ugonjwa kurudi. Chakula nacho kipe wiki 12, kama lile jaribio la Australia, kabla hujaamua kama kimekufaa. Aliye na mawazo ya kujiua asingoje sufuria wala wiki: Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure, 1199, na hospitali yenye idara ya dharura haihitaji miadi.

Siku ya kliniki, beba kopo lenyewe la unga au vidonge unavyotumia, si jina lake tu. Mwombe daktari au mfamasia asome nyuma, pale kwenye maandishi madogo, maana kopo lililoandikwa "manjano" mbele huweza kuwa na mimea mingine minne nyuma.